Siku Thelathini za Kiwanja cha Kibenga

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba katika miaka ile, risasi zikisikika milimani juu ya mji, sisi ofisini tulikuwa tunapokea plani za nyumba za ghorofa. Wanadhani vita husimamisha kila kitu. Waliokuwa na uwezo walijua kwamba wageni wa mashirika ya misaada wanahitaji mahali pa kukaa, na kwamba wanapenda kukaa karibu na ziwa. Basi karatasi zililetwa, zimekunjwa vizuri, na mimi ndiye niliyezipokea.

Nilikuwa katibu wa tume iliyochunguza maombi ya ujenzi. Tume ilikaa kila Alhamisi asubuhi. Alikuwepo mkuu wetu wa ofisi, ambaye sote tulimwita shefu. Alikuwepo mhandisi wa maji, na mama mmoja wa hati za viwanja, mtu mzima aliyebakiza miezi tu astaafu, na afisa wa usalama ambaye vikao vingi alimaliza bila kufungua kinywa. Mimi nilikaa mwisho wa meza, nikasoma dosie, yaani faili la kila ombi, kwa sauti na kuandika walichoamua.

Kabla nyumba ya ghorofa haijaruhusiwa, tangazo lilibandikwa kwenye kiwanja chenyewe na kukaa siku thelathini. Mwenye la kupinga aliandika barua, nayo ikaingizwa katika daftari la pingamizi lililokaa mezani kwangu. Siku zikiisha na daftari likiwa tupu, niliandika "hakuna pingamizi" na kutia sahihi. Miaka ile daftari lilikuwa tupu karibu kila mara. Wa kupinga walikuwa ng'ambo ya ziwa, au kambini, au wamekufa, na waliobaki mjini hawakutaka majina yao yaonekane kwenye karatasi yoyote. Nilijua hivyo, na niliandika "hakuna pingamizi" mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Dosie ya Kibenga ililetwa na mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Asiatique, muuzaji wa mabati na saruji. Jengo la ghorofa nne, nyumba kumi na sita ndani yake, kila moja na baraza lake linalotazama ziwa. Plani zilichorwa kwa mkono mzuri sana. Kwenye ukurasa wa kwanza, mahali pa kueleza hali ya kiwanja, palikuwa pameandikwa kwa Kifaransa maneno mawili yenye maana kwamba hakina mtu.

Shefu aliiweka mezani kwangu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Hii ipite vizuri," akasema. "Usiicheleweshe."

"Itapita kama nyingine, shefu. Siku thelathini."

Akanitazama kidogo, kisha akaenda zake.

Kesho yake nilikwenda Kibenga, kusini mwa mji, kubandika tangazo. Dereva wa ofisi alinionya kwamba ikifika saa tisa atageuza gari hata kama sijarudi, kwa sababu wiki ile watu walikuwa wameshambuliwa kwenye barabara ya kusini mchana kweupe. Tulisimamishwa kwenye vizuizi viwili. Katika cha pili askari alikunjua plani, akaishika kichwa chini miguu juu, akaniuliza ni ramani ya nini. Nikamwambia ni ya nyumba. Akacheka, akasema, "Nyumba? Sasa hivi?" Akaturuhusu.

Nilitegemea kukuta magofu na majani. Nyumba ya mbele ilikuwa kweli haina paa, kuta zimeshika moshi. Lakini nyuma palikuwa na chumba kimoja kizima, chenye bati na mlango, na nguo zimeanikwa kwenye kamba. Mwanamke alikuwa ameinama juu ya beseni akichambua ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakavu. Alikuwa na umri kama wangu, miaka arobaini hivi. Alinyanyuka, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akanisalimia kwa Kiswahili cha ng'ambo, cha Uvira kwa Wakongo.

"Karibu, madamu. Unatafuta nani?"

"Nimetoka ofisi ya ujenzi. Nimekuja kubandika tangazo hili. Wewe unakaa hapa?"

"Mi nakaa hapa miaka sita sasa. Mwenye nyumba ni mwalimu. Wakati watu walikuwa wanakimbia, yeye na bibi yake walipanda boti, wakaenda Kigoma. Mi nilikuwa nawafulia nguo. Akanipa funguo, akaniambia niangalie nyumba yake. Ile ya mbele ilichomwa, sikuweza kitu. Lakini funguo iko."

Akaingia chumbani, akatoka nazo. Funguo tatu kwenye uzi. Mlango wa mbele uliofunguliwa kwa funguo zile haukuwepo tena.

Nikabandika tangazo kwenye nguzo ya geti. Alisimama nyuma yangu.

"Mi sijui Kifaransa. Inasema nini?"

Ningeweza kumjibu kwa kifupi. Sijui kwa nini nilimsomea yote, mstari kwa mstari, nikiyageuza kwa Kiswahili: ghorofa nne, nyumba kumi na sita, mwombaji fulani, kiwanja namba fulani, hakina mtu.

Akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa tu, "Akina mutu? Na mi ni nini?"

Nilimweleza habari ya siku thelathini, kwamba mwenye kiwanja anaweza kupinga kwa barua.

"Akiandika mwalimu, mutasoma?"

"Ikifika kabla siku hazijaisha, ni lazima isomwe."

"Kuna mutu wa boti ya mizigo ananunuaka ndagala kwangu pale bandarini. Anaendaka Kigoma. Nipe karatasi moja ya ile tangazo."

Dereva alikuwa anapiga honi. Nilikuwa na nakala mbili za ziada kwenye mkoba, na hakuna kanuni iliyonikataza kumpa mtu nakala ya tangazo lililobandikwa hadharani. Nikampa moja. Njiani kurudi nilijiambia kwamba sikufanya chochote. Mwalimu yuko kambini, nani atampata? Na kama amekufa?

Zikaanza siku za kungoja. Sikuwa nimewahi kuzihesabu kwa ajili ya dosie yoyote, lakini zile nilizihesabu.

Siku ya tisa mfanyabiashara alikuja ofisini. Alikuwa mtu mwenye adabu, sauti ya chini, shati limepigwa pasi. Pamoja naye alikuja mwanamume mwingine ambaye hakujitambulisha, amevaa kiraia lakini amenyoa na kusimama kama mwanajeshi. Mfanyabiashara aliomba kuona daftari. Ilikuwa haki yake, daftari liko wazi kwa kila mtu. Nikalifungua. Ukurasa ulikuwa mweupe.

"Vizuri," akasema. "Watu wa Kibenga ni watu wa amani."

Yule mwingine alikuwa ananitazama mimi, si daftari.

"Madamu anakaa katiye gani?"

Nikamtajia mtaa.

"Karibu na kanisa? Ile nyumba ya geti la bluu?"

"Ndiyo."

"Naijua," akasema. "Naijua tangu zamani. Nilikuwa najua wenyewe."

Wakaniaga kwa heshima, wakaondoka. Nikalifunga daftari.

Habari ya nyumba ya geti la bluu lazima niiseme, maana bila hiyo nitakuwa najipamba. Haikuwa yangu. Mtaa wetu wa zamani ulipochomwa, mume wangu alikuwa ameshauawa, na mimi nilikuwa na watoto wawili na godoro moja. Ndugu mmoja akatuonyesha nyumba iliyoachwa na watu waliokimbia. Mlango ulikuwa wazi. Ukutani bado zilikuwepo picha za harusi yao, na jikoni sufuria zao. Picha nilizitoa nikaziweka kwenye sanduku chini ya kitanda, kwa sababu binti yangu aliogopa kulala zikimtazama. Sufuria nilizitumia. Miaka ikapita, nikaizoea, na nikaanza kusema "nyumbani." Mjini tulikuwa wengi tulioishi hivyo, na hatukuulizana.

Kwa hiyo yule mtu alipotaja geti la bluu, alikuwa ameweka kidole pale hasa panapouma.

Siku ya ishirini shefu aliniita. Ofisi yake ilikuwa na dirisha linalotazama ziwa, na asubuhi ile palikuwa na mlio wa mizinga upande wa kusini, mmoja mmoja, kama mtu anayegonga mlango na kusubiri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeutaja.

"Ile dosie ya Kibenga," akasema. "Tangazo ulibandika lini hasa?"

Nikamwambia siku.

"Si ingekuwa ni wiki mbili kabla ya hapo?"

"Hapana, shefu. Tarehe iko kwenye tangazo lenyewe, pale kwenye geti."

"Tangazo limeshang'olewa. Sijui nani. Upepo labda." Alikuwa anapanga kalamu zake juu ya meza. "Nataka iende kwenye kikao cha Alhamisi hii."

"Zitakuwa siku ishirini na tatu tu."

"Na nyumba unayolala wewe," akasema, bila kunitazama, "ilibandikwa tangazo siku ngapi?"

Nilidhani nitalia, sikulia. Niliomba ruhusa nikatoka. Hakuniita tena siku ile, na Alhamisi ilipofika dosie haikuwa kwenye orodha, kwa sababu anayeandaa orodha ni mimi, na yeye hakuniamuru waziwazi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anangoja nifanye bila kuamriwa.

Wiki iliyofuata nilikonda. Nyumbani niliwakataza watoto kucheza getini. Gari likisimama nje wakati tunakula, nilinyamaza na kijiko mkononi mpaka liondoke. Mwanangu mkubwa aliniuliza tunaogopa nini, maana risasi tulikuwa tumeshazizoea. Nikamwambia nimechoka na kazi. Nilichokuwa ninakiomba moyoni, na hili nalisema kwa aibu, ni kwamba barua isije. Ikikosekana nitaandika "hakuna pingamizi" na kila mtu atanisahau.

Ikaja siku ya ishirini na saba.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, ofisi zimebaki tupu. Mlinzi alikuja kuniambia kwamba kuna mama wa ndagala ananitaka, na kwamba amemkatalia kuingia na beseni. Nilishuka. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, miguu ina vumbi hadi magotini. Ametembea kutoka Kibenga, barabara ilikuwa imefungwa kwa magari. Akafukua ndagala kwa mkono na kutoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

"Mwalimu ameandika," akasema.

Ndani mlikuwa na barua ya kurasa mbili, maandishi ya mtu aliyefundisha watoto kuandika maisha yake yote, kila herufi imesimama sawa. Alisema yeye ni mwenye kiwanja, hajakiuza kwa mtu, hajafa, na anapinga. Nyuma yake palikuwa na nakala ya hati, imefifia kwenye mikunjo lakini namba inasomeka. Barua ilinuka ndagala.

Tulipanda juu wote wawili. Nililijua jambo moja: kurasa za daftari lile zilikuwa na namba, na kila moja ilikuwa imetiwa sahihi ndogo pembeni kabla daftari halijaanza kutumika. Kikishaandikwa kitu hakitoki bila kuonekana. Kama nitangoja shefu arudi, barua hii itabaki karatasi tu, na karatasi inapotea. Basi nikafungua, nikaandika namba ya kwanza, tarehe, saa, jina la mwalimu, namba ya kiwanja. Nikagonga muhuri kwenye barua, nikagonga na kwenye daftari. Nilikuwa na haraka, hata muhuri wa pili ukatoka umepinda.

Ikabaki safu ya mwisho: jina la aliyeleta, na mahali anapokaa. Kanuni ilitaka ijazwe, barua isipoletwa na mwenyewe. Nikamwuliza jina lake, akanitajia. Nikaandika. Nikaandika na Kibenga, kiwanja kilekile, chumba cha nyuma. Nilifurahi hata, nakumbuka. Niliona kwamba sasa kimeandikwa mahali pa rasmi kwamba kiwanja kile kina mtu.

Akaomba kitu cha kuonyesha kwamba ameleta. Nikamwandikia stakabadhi. Aliikunja, akaiweka kifuani, akaweka beseni lake kichwani, akaenda.

Shefu aliporudi nilimpelekea barua na daftari kwa pamoja. Akasoma barua yote. Akaenda akafunga mlango.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimeingiza pingamizi, shefu. Ndiyo kazi yangu."

"Ukurasa huu unaweza kutoka."

"Una namba. Na ule wa upande wa pili una dosie ya Alhamisi iliyopita, imeshasainiwa na tume."

Alikaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na kelele haikuja. Alivua miwani akajisugua macho, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye alikuwa amekonda.

"Unadhani mi simwogopi yule mutu?" akasema, na aliacha Kifaransa chake cha ofisi kabisa. "Anakujaga kwangu. Anakaa kwenye salon, bibi yangu anamletea chai. Anauliza watoto wanasoma wapi. Anajua wanasoma wapi."

Tulikaa hivyo, watu wawili wenye woga mmoja, na daftari limefunguka katikati yetu. Mwishowe akalifunga, akanirudishia.

"Alhamisi utasoma wewe," akasema. "Mi sitasema kitu."

Siku mbili baadaye yule mwanamume asiyejitambulisha alikuja peke yake, nami nilikuwa nimetumwa benki. Mlinzi aliniambia alipanda juu, akaomba daftari kwa mwenzangu wa ofisi, akalisoma, hakukaa hata dakika tano.

Alhamisi ilipofika siku thelathini zilikuwa zimetimia. Mfanyabiashara alingoja kwenye benchi la nje. Nilisoma ombi lote, ghorofa kwa ghorofa, kisha nikasoma barua ya mwalimu. Katikati niliomba maji, mhandisi akanimiminia. Nikamaliza kusoma. Shefu alikuwa anatazama ziwa. Afisa wa usalama alikuwa anachora duara kwenye karatasi yake.

Mhandisi akasema kwamba kwa upande wa mabomba na maji machafu hana shida. Ilikuwa njia yake ya kutosema kitu. Nikadhani imekwisha, kwamba wataandika "pingamizi limepokelewa" na kuendelea.

Ndipo yule mama wa hati akaninyooshea mkono.

"Nipe hiyo nakala, mwanangu."

Akaishika karibu na macho. Kisha akafungua mkoba wake na kutoa kitabu chake mwenyewe, kile cha zamani cha kazi, chenye jalada lililobanwa kwa mpira. Alipekua taratibu sana. Kidole chake kilishuka ukurasa, kikasimama.

"Namba ni hii hii. Jina ni hili hili. Kiwanja hakijabadilisha mwenyewe tangu kilipotolewa." Akavua miwani. "Mimi hati hii niliisaini kwa mkono wangu. Mwombaji alete karatasi ya kuuziana. Kama anayo, tutaiona. Kama hana, hakuna cha kujadili hapa."

"Wakati huu, mama," mhandisi akaanza.

"Wakati huu nimeuona. Nimebakiza miezi mitatu. Andika, katibu."

Nikaandika. Dosie imerudishwa kwa mwombaji hadi athibitishe umiliki. Mmoja mmoja wakatia sahihi, na afisa wa usalama naye akatia, bado hajasema neno. Nilipotoka kumpa mfanyabiashara jibu, alilisoma akiwa amesimama, akalikunja mara mbili.

"Umesoma vizuri, madamu," akasema. "Nilisikia kutoka hapa nje."

Nilirudi nyumbani siku ile kwa miguu nikiwa mwepesi. Niliwapikia watoto nyama.

Jumatatu iliyofuata dereva wa ofisi aliniambia, kama habari ya kawaida, kwamba amepita Kibenga na ameona bati la kile chumba cha nyuma limetolewa. Nilimwomba anipeleke. Mlango ulikuwa chini. Kamba ya nguo ilikuwa bado imefungwa, na ndagala wamemwagika wakakanyagwa hadi wakawa unga. Jirani mmoja, mzee, alizungumza nami kupitia tundu la ukuta wake bila kutoka. Alisema Jumamosi mchana lilikuja lori. Watu waliokuwemo walikuwa na karatasi yenye jina lake. Walimwita kwa jina lake kamili, wakasema ni mgeni asiye na kibali, wakampakia pamoja na Wakongo wengine waliokuwa wameshaokotwa, wakaenda upande wa mpaka.

"Walimujuaje jina?" mzee akauliza. "Sisi hapa miaka yote tulikuwa tunamuita Mama Ndagala tu."

Nilijua walivyolijua. Lilikuwa kwenye safu ya mwisho, kwa mwandiko wangu, pamoja na mahali anapolala. Nilikuwa nimejali sana namba na mihuri hata sikujiuliza safu ile itasomwa na nani. Ningeweza kuandika "imeletwa kwa mkono." Wengine waliandika hivyo na hakuna aliyewauliza. Dereva alinikuta nimekaa chini karibu na beseni, akanisaidia kusimama.

Niliuliza habari zake kwa Wakongo wa sokoni, kwa wapagazi wa bandarini, kwa parokia moja iliyopokea wakimbizi. Wengine walisema lori lilifika mpakani salama. Wengine hawakujua.

Mwezi ule ule nilihama ile nyumba ya geti la bluu. Sikufukuzwa. Nilishindwa tu kulala humo. Dada yangu alitupa chumba kimoja, tukabanana. Sanduku la picha na sufuria nilizipeleka kwa padri wa kanisa lililo karibu, nikamwachia na barua. Baada ya wiki mbili kulikuwa na familia nyingine ndani.

Kazini nilipelekwa chumba cha kumbukumbu za zamani, chini, pasipo na dirisha. Shefu alisaini uhamisho huo, na nadhani alifanya hivyo ili wasahau sura yangu. Mfanyabiashara hakurudi na karatasi ya kuuziana. Baadaye alijenga ghorofa mbili juu ya duka lake la Asiatique, na dosie yake ile ilipita bila maneno. Mwanamume wa kiraia sikumwona tena. Mwalimu alifia kambini. Vita vilipopungua, binti yake alivuka ziwa akaja kukidai kiwanja, na alipotafuta ushahidi ofisini alikuta daftari, barua ya baba yake, na muhuri uliopinda. Akajenga vyumba vitatu.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kuna mwanamke wa Uvira amerudi, anauza ndagala nje ya geti la bandari.

Nilikwenda siku ya kazi, saa nne asubuhi. Nilimtambua kabla hajanitambua. Alikuwa amezeeka, na mguu mmoja aliunyoosha pembeni kama usiokunjika. Nilichuchumaa mbele ya beseni lake.

"Unanikumbuka?"

Alinitazama usoni. "Madamu wa muhuri."

"Mimi ndiye niliyeandika jina lako katika lile daftari. Ndivyo walivyokupata."

"Najua."

"Sikufikiri. Nilitakiwa nifikiri."

Mteja alikuja, yeye akampimia makopo mawili, akamfungia kwenye gazeti. Alipoondoka, akasema, "Kule kwenye lori nilikukasirikia sana. Mpaka Uvira. Na nyuma yake tena, mwaka muzima. Mguu huu walinivunja pale pa kushuka." Hakuongeza sauti. "Sasa sijui kama nakukasirikia. Siku nyingine ndiyo, siku nyingine apana."

"Binti wa mwalimu anasema kuna chumba. Anataka ukae naye Kibenga."

"Alikuja kuniambia. Nilimupa funguo zake." Akapanga ndagala kwa kiganja, akawarudisha walioanguka ukingoni. "Mi sirudi kule. Nyumba ilikuwa ya mwalimu, nilikuwa naiangalia tu, na sasa mwenyewe iko. Nimepata chumba Buyenzi."

Nilimwuliza kama anahitaji kitu. Alifikiri, akasema anahitaji kibali cha kukaa, na kwamba pale ofisini wanamzungusha kwa sababu fomu ni ya Kifaransa. Nikamwambia nitamjazia. Akaingiza mkono chini ya kitenge, akatoa fomu iliyokunjwa, akaniwekea gotini. Nikatoa kalamu. Pale penye nafasi ya anwani nilisimama, nikamwuliza anataka niandike nini.

"Andika Buyenzi," akasema. "Namba ya nyumba acha kwanza."

Nikaandika Buyenzi.